Kimbunga kimepita na we bado unataka kukimbia: mwongozo kamili wa kulinda mazoezi yako pwani ikiwa bado imevurugika

Kimbunga kikishapita, au dhoruba yoyote nzito iliyoleta bahari mpaka mlangoni, mkimbiaji anabaki na maswali mawili ambayo anaona hata aibu kuyasema mbele za watu: ntaanza kukimbia lini, na nikikimbia watu watanionaje. Yote mawili ni maswali halali na ntayajibu, ila kabla hatujaanza tukubaliane kitu kimoja maana kila kitu huku chini kinategemea hicho. Kwenye kipindi hiki kazi yako ni kulinda ule muda wako wa mazoezi, kilomita achana nazo kwanza. Kama ulizoea kutoka saa 12 asubuhi siku nne kwa wiki basi hiyo saa 12 ibaki yako hata kama unachofanya ni kutembea dakika kumi, kuruka kamba kwenye korido au kunyoosha miguu tu umekaa kwenye ngazi. Kilomita zinarudi mwili ukiwa mzima, ila mazoea yakishakatika mwezi mzima kuyaunga tena ni kazi kweli kweli.

Hatua ya 1: Kwanza usikimbie

Najua sio ulichokuja kusoma. Lakini siku tatu za mwanzo we tulia, na nina sababu.

Upepo ukikata ghafla inaweza kuwa ni jicho la kimbunga ndo limefika kwenu, mnapata utulivu wa dakika kadhaa au zaidi afu upepo unarudi ukitokea upande wa pili ukiwa na nguvu ile ile. Watu wanatoka nje kushangaa na kupiga picha, kinawakutia barabarani. Na hata kimbunga kikiondoka kabisa, mito inayoshuka pwani inaendelea kujaa siku kadhaa baadae kwa sababu mvua iliyonyesha huko juu bado iko njiani. Kwa hiyo subiri mamlaka zenu ziseme ni salama, na kama kuna amri ya kutotoka nje iheshimu, barabara zinatakiwa ziwe wazi kwa magari ya uokoaji na mafundi umeme, sio kwa mtu mwenye kaptula anayetafuta kilomita zake tano.

Hofu ya kupoteza pumzi ndo inayowatoa watu nje mapema, na hii hofu haina msingi sana. Kinachoshuka haraka ukiacha mazoezi ni maji ya kwenye damu, plazma, hiyo inapungua ndani ya siku chache tu na ndo maana ukirudi unaona mapigo ya moyo yako juu kwa spidi ile ile ya zamani. Inarudi haraka vile vile. Uwezo wenyewe wa mwili kutumia oksijeni unaanza kushuka kwa kiwango cha kuhisi baada ya kama siku 10 mpaka 14 za kukaa kabisa, na we hutakaa kabisa, utakuwa unazoa tope. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Robert Hickson, miaka ya 1980 alichukua watu waliokuwa wanafanya mazoezi siku 6 kwa wiki akawapunguzia, wengine wakabaki na siku 4 na wengine 2, bila kushusha ukali wa zoezi lenyewe, na wiki 15 baadae uwezo wao wa oksijeni ulikuwa karibu pale pale. Siku mbili kwa wiki! Kwa hiyo punguza presha.

Hatua ya 2: Ruti yako ya zamani ichukulie kama ni ngeni, ikague kwa kutembea

Ruti unayoijua kwa macho yaliyofumba ndo hatari kuliko zote maana unaikimbia kwa kumbukumbu. Ipite kwanza kwa miguu, mchana, umevaa viatu vya soli ngumu, simu ina chaji, na ukiangalia haya:

Nyaya za umeme. Waya ulioanguka usiusogelee, kaa mbali angalau mita 10, na usidhani umekufa kwa sababu mtaa mzima hauna umeme, jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kuurudishia umeme au shirika likawasha laini ukiwa umesimama pale pale. Uzio wa chuma ulioguswa na waya nao ni waya, dimbwi nalo hivyo hivyo. Ukihisi miguu inawashwa washwa kama ganzi usipige hatua ndefu, burura miguu ikiwa imebanana bila kuinyanyua, geuka ulikotoka.

Mifuniko ya chemba na mitaro. Maji ya mafuriko yanainua mifuniko na kuipeleka mbali, afu shimo linabaki limejaa maji yanayofanana na dimbwi la kawaida. Ndo maana sheria yangu ni moja tu, nisipoona chini sikanyagi.

Kingo za barabara, madaraja na ukuta wa bahari. Hapa watu wanadanganyika sana, lami juu inaonekana nzima ila chini mchanga umeshaliwa, pamebaki ganda. Ukiona ufa mpya unaofuata ukingo, au sehemu imetitia kidogo, au kalavati limezibwa na takataka maji yakapita pembeni yake, kimbia katikati ya barabara au ruka hicho kipande kabisa mpaka mainjinia wapite.

Afu kuna vitu vidogo vidogo: misumari, vioo, mabati, matawi yaliyovunjika yakaning'inia juu ya kichwa chako (hayo yanaanguka hata wiki kadhaa baadae, bila upepo), mbwa waliopoteza wenyewe na wana njaa, nyoka waliohamia kwenye marundo ya takataka. Mabati yale ya zamani ya asbesto yakivunjika usipite karibu, vumbi lake sio la mapafu yako.

Giza ni hapana. Taa za barabarani zikiwa zimekufa hakuna tochi ya kichwani itakayokuonyesha msumari kwenye tope. Kama muda wako wa kawaida ni alfajiri au usiku, huo muda utumie ndani, ukimbie nje jua likiwa limeshatoka.

Hatua ya 3: Maji ya mafuriko usiyakanyage, hata yakiwa ya kifundo cha mguu

Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni kilichomo ndani. Yamechanganyika na choo, mafuta, dawa za mashambani, na mkojo wa panya, na huo wa mwisho ndo unaleta leptospirosisi, wengine wanaiita homa ya mgunda. Bakteria wake wanaingia kupitia mchubuko mdogo tu, hata malengelenge ya kiatu, na mkimbiaji gani hana lengelenge. Jiji la Manila mwaka 2009 baada ya mafuriko ya kimbunga Ketsana lilipata mlipuko mkubwa wa ugonjwa huu, na njia ilikuwa hiyo hiyo, watu kutembea kwenye maji.

Dalili zinaweza kuja kuanzia siku 2 mpaka 30 baadae, mara nyingi ndani ya wiki mbili: homa kali, kichwa, misuli kuuma hasa vigimbi, macho mekundu. Ona mtego hapo, vigimbi kuuma mkimbiaji anasema aah ni mazoezi tu. Ukiwa umekanyaga maji ya mafuriko na vigimbi vinauma pamoja na homa nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba ulikanyaga yale maji, ugonjwa unatibika vizuri ukiwahiwa.

Pepopunda nayo. Msumari ukikuchoma osha kidonda kwa maji safi na sabuni saa hiyo hiyo, na kama ni kidonda kichafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, au hukumbuki lini, nenda kachomwe. Usingoje uone.

Hatua ya 4: Usafi ni mazoezi, uandike

Hii ndo hatua ambayo wakimbiaji wanaikosea kuliko zote na ndo inayowaumiza. Mtu anashinda anazoa tope, anabeba makochi yaliyolowa, anapanda juu kufunika paa, jioni anaangalia daftari lake la mbio anaona sifuri, roho inamuuma, anatoka "kulipa deni". Wiki ya pili mgongo umekaza, kano la kisigino limevimba.

Kuna hesabu rahisi ya mwanasayansi wa michezo anaitwa Carl Foster, unachukua ugumu wa kazi kwa jinsi ulivyousikia mwenyewe kuanzia 0 mpaka 10, unazidisha kwa dakika, jibu ndo mzigo wako. Tuseme mbio zako za kawaida ni dakika 60 kwa ugumu wa 4, hiyo ni 240. Sasa masaa matatu ya koleo na tope, ugumu 6, ni 6 mara 180, unapata 1080. Mara nne na nusu ya mbio zako, kwa siku moja, na kesho yake unarudia. We unadhani umepumzika kumbe uko kwenye wiki ngumu kuliko zote za mwaka.

Kwa hiyo andika. Kwenye daftari, kwenye simu, popote, "usafi masaa 3, ugumu 6". Siku iliyozidi mara mbili ya mzigo wako wa kawaida haina mbio, ina kutembea kidogo na kunyoosha mgongo na nyonga basi. Siku ya usafi mwepesi unaweza kuweka dakika 15 au 20 za taratibu, na ziwe asubuhi kabla ya kazi maana jioni miguu imeshachoka na kukanyaga vibaya ni rahisi. Na wakati wa kazi yenyewe badilisha mkono wa koleo, nyanyua kwa magoti, vaa buti.

Hatua ya 5: Tafuta pa kukimbilia hata kama ni padogo

Ukishakagua utakuta labda una mita 300 tu za barabara iliyo safi. Zinatosha. Zunguka hapo hapo, kila dakika tano geuza upande ili mguu mmoja usibebe kona zote, na uzuri wa mzunguko mfupi ni kwamba hauwi mbali na nyumbani ukihitajika. Inaboa, ndio, ila ni dakika 20 tu.

Kama hata hizo huna, ngazi. Panda kwa nguvu shuka taratibu, dakika 10 mpaka 15, mapigo yatapanda mwenyewe utaona. Ama kamba, seti za dakika moja moja. Ama kukimbia pale pale ulipo, magoti juu sekunde 30, pumzika 30, mara kumi. Ongezea kupanda kwa vidole vya miguu (simama kwenye ukingo wa ngazi, nyanyuka, shuka polepole) mara 15 kwa kila mguu, seti tatu, hilo zoezi litakutunzia vigimbi na kano la kisigino ambavyo ndo vinalalamika watu wakirudi barabarani. Tahadhari moja, kama kuna jenereta inaunguruma ndani, uani kwenye kona au chini ya dirisha usifanye mazoezi hapo, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na ukihema kwa nguvu unaivuta nyingi zaidi.

Ufukweni je? Watu wa pwani tunakimbilia ufukweni kwa mazoea, ila baada ya dhoruba ufukwe sio ule. Mawimbi yanakata mchanga yanaacha kama ukuta, na huo ukuta unamomonyoka ukipita juu yake au chini yake. Chini ya mchanga kuna mbao zenye misumari, kamba za nyavu, vioo. Ungoje usafishwe, na hata hapo usikimbie peku msimu huo. Ukianza, kimbia maji yakiwa yamekupwa, kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu, nusu ya muda kwenda nusu kurudi kwenye mteremko ule ule ili nyonga zisiegemee upande mmoja. Maji kupwa yanachelewa kama dakika 50 kila siku kwa hiyo mazoezi yako ya ufukweni hayawezi kuwa na saa moja ya kudumu, na siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inapanda juu zaidi, na kama ukuta umeshabomoka itaingia sehemu ambazo zamani haikufika. Usiingie kwenye maji kujipooza, mitaro yote imemwagikia humo.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya maji ya kunywa kabla hujatoka jasho

Saa moja ya kukimbia kwenye joto inakutoa jasho kuanzia nusu lita mpaka lita moja na nusu. Siku za kawaida hiyo sio ishu. Maji safi yakiwa ya kupimiwa kwa foleni, hiyo lita ni ya mtu nyumbani kwenu, kwa hiyo fupisha, dakika 20 asubuhi mapema, au siku hiyo fanya mazoezi ya nguvu kivulini. Maji yenye mashaka yachemshe, yakishaanza kutokota kabisa hesabu dakika moja ndo uzime. Ukiharisha hakuna mbio mpaka upone, na ukikosa pakti za chumvichumvi changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usikadirie chumvi kwa macho.

Joto litakuwa kali kuliko ulivyozoea, miti imeanguka, kivuli kimeondoka nayo, na bila umeme usiku hakuna feni, mwili haupoi vizuri na unaamka umechoka. Usiku uliolala chini ya masaa matano usiweke zoezi gumu kesho yake. Vumbi nalo, tope likikauka linapeperuka na kila kitu kilichokuwemo, na watu wanachoma takataka. Siku ya upepo na moshi kimbia ndani. Barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, ivae kwenye usafi, kukimbia nayo kwa nguvu ni mateso.

Hatua ya 7: Raba

Fupi. Raba zilizolowa mvua toa soli ya ndani na kamba, osha kwa sabuni na maji safi, jaza magazeti, badilisha yakilowa, anika kivulini penye upepo. Jua kali na moto vinaachanisha gundi. Raba zilizolala kwenye maji ya mafuriko siku nzima, mi nasema achana nazo, na kama huna zingine basi zioshe, zitie dawa ya kuua vijidudu, na usizivae ukiwa na kidonda. Miguu ikaushe kila jioni katikati ya vidole, fangasi wanapenda wiki kama hizi.

Hatua ya 8: Watu watanionaje

Inategemea unapita wapi na unapitaje. Mtu anayechambua vitu vyake kwenye kifusi hahitaji kuona saa yako ya mbio ikilia, na spika ya mziki hata usiwaze. Pita mtaa mwingine, au simama, salimia, uliza. Mara nyingi ukiuliza utapewa kazi, na hiyo kazi fanya.

Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipiga New York mwishoni mwa Oktoba, na maratoni ya jiji ilikuwa Novemba 4. Jiji likasisitiza kwamba mbio zitakuwepo, watu wakakasirika kwelikweli, jenereta za mbio zinaonekana wakati kuna watu hawana umeme, ikabidi zifutwe siku mbili kabla. Asubuhi ya Jumapili ile mamia ya wakimbiaji walipanda kivuko wakaenda Staten Island, moja ya sehemu zilizoumia sana, mabegi mgongoni yamejaa misaada, wakakimbia mtaa kwa mtaa wakigawa na kusaidia kusafisha. Unaweza kuiga hiyo kwa kipimo chako. Netiweki ikiwa imekufa mtu mwenye pumzi ni kitu cha maana sana, unaweza kupeleka ujumbe kilomita mbili na kurudi na jibu, unaweza kupita kwa wazee watatu kila asubuhi kuona wameamkaje, na hizo ni mbio kamili, ziandike. Na we mwenyewe acha ujumbe nyumbani, kwenye karatasi, unapita wapi na utarudi saa ngapi, beba kitambulisho na filimbi.

Kichwa nacho. Kukimbia kunashusha stresi, hilo halina ubishi, ila kama wiki nyingi zimepita na kila upepo ukivuma moyo unaenda mbio, hulali, unaota maji, zungumza na mhudumu wa afya. Mbio peke yake hazitoshi hapo.

Hatua ya 9: Kurudi kwenye ratiba

Angalia umekaa muda gani bila kukimbia. Chini ya wiki moja, rudi ulipokuwa ila kwa spidi ya kuongea bila kuhema. Wiki moja mpaka mbili, anza na kama asilimia 60 au 70 ya ulichokuwa unafanya. Wiki mbili mpaka nne, nusu. Zaidi ya mwezi, anza kama mgeni: kimbia dakika 2 tembea 1, mara nane, siku tatu kwa wiki, hakuna siku mbili mfululizo, na kila wiki ongeza dakika moja ya kukimbia kwenye kila kipande.

Spidi iongeze mwisho. Pumzi itarudi kabla ya mifupa na kano, na hapo ndo ugoko unaanza kuuma, mtu anajisikia fiti anakanyaga mafuta. Maumivu yanayoongezeka ukiwa unakimbia au yanayokufanya uchechemee asubuhi, simamisha siku tatu. Na ile plani ya mashindano uliyoiweka kabla ya kimbunga ifute tu, usiibane bane iingie kwenye wiki zilizobaki, tafuta mashindano mengine ya mbele.

Hatua ya 10: Kabla ya msimu ujao

Ukishapata nafasi andaa begi moja lisilopitisha maji: raba za akiba, soksi pea tatu, kamba ya kuruka, filimbi, tochi, plasta, na karatasi yenye tarehe ya chanjo yako ya pepopunda. Liweke juu, sehemu ambayo maji hayakufika safari hii. Chora ruti mbili za kilomita mbili mbili upande wa juu mbali na bahari na mito, uzikimbie angalau mara moja kwa mwezi ili siku ya kuzihitaji uwe unajua mitaro yake iko wapi.